Uraniumu Iko Kwetu, Juu ya Nini Tunasoma na Buji? (Somo juu ya bei ya umeme)



Juma lililopita, saa ya etidi ya magaribi, umeme ulikatika. Tuliwasha mabuji, moja kwa kila meza, na sisi wakubwa wa wanafunzi tulipita kati ya meza kuangalia kama kazi inaendelea. Ndipo mwenzetu mmoja wa kalasi ya nane akauliza kwa sauti kubwa, chumba chote kikasikia: "Bakubwa, mwalimu alitufundisha kama uraniumu ya ile bomu ya kwanza ilitoka kwetu hapa Katanga. Sasa juu ya nini siye tunasoma na buji? Juu ya nini habajengi santrali ya nyuklia, giza iishe?"

Watu walicheka. Sisi tulimwambia anyamaze, ashike kitabu chake. Lakini usiku ule tuliona kwamba tulimnyamazisha kwa sababu hatukuwa na jibu, na kumnyamazisha mtu si kumjibu. Basi tulienda kwa mwalimu wa fizike na kwa mwalimu wa ekonomia, tukasoma, tukapiga hesabu ku ubao siku mbili. Jibu njo hili. Musome polepole, kalamu mkononi, sababu kuna hesabu za kufanya. Na mwisho wa somo kuna jambo letu la shule, ambalo linatugusa sisi wenyewe.

1. MIFUKO TATU YA BEI

Kila kitu kinachotoa moto kinakula pesa kwa mifuko tatu. Mfuko wa kwanza ni wa kujenga ao kununua. Mfuko wa pili ni wa chakula cha ile mashini: makala, mazutu, uraniumu. Mfuko wa tatu ni wa kuitunza: vyuma vya kubadilisha, mishahara ya wafanyakazi, na mwisho kabisa kubomoa na kusafisha fasi ilipokuwa.

Muangalie babula ya mama nyumbani. Babula yenyewe ni ya bei ndogo, fundi wa mabati anaitengeneza kwa siku moja. Lakini makala inanunuliwa kila siku, na mwaka ukiisha makala imekula pesa kupita babula kumi. Pano ya jua ni kinyume chake: siku ya kununua inauma, kisha jua haidai franga hata moja.

Watu wengi wanaangalia paka mfuko mmoja, ule uliofunguka mbele ya macho yao siku hiyo. Wanasema: hii ni rahisi, ile ni ya bei kali. Mwenye kujua hesabu anajumlisha mifuko yote tatu, kwa miaka yote ambayo kitu kitafanya kazi, kisha anagawanya kwa umeme wote ambao kitatoa. Jibu njo bei ya kweli ya kilowati-saa moja. (Tukumbuke: taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 imekula kilowati-saa moja.)

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza, ahesabu kama ana mali ya kuumaliza (Luka 14). Mtu wa santrali ya umeme anapaswa kukaa na kuhesabu hivyohivyo.

2. NGUVU YA URANIUMU, NA MPAKA WAKE

Nguvu ya uraniumu ni ya kweli. Santrali ya nyuklia ya megawati 1,000 inahitaji karibu tani 25 za mafuta ya uraniumu kwa mwaka mzima. Kwa uzito, hiyo ni mzigo wa lori moja kama zile zinazopita kila siku mu njia ya Likasi. Santrali ya makaa ya mawe ya ukubwa uleule inachoma karibu tani milioni 3 kwa mwaka. Gawanya kwa 25: ni lori 120,000, ao zaidi ya 300 kila siku ya Mungu.

Na mawe yetu yana sifa. Shinkolobwe, upande wa Likasi, iligunduliwa mwaka 1915. Union Minière ilianza kuichimba mwaka 1921 kwa sababu ya radiumu. Wakati ule uraniumu ilihesabiwa karibu kama takataka. Mawe mengine ya pale yalikuwa na 65 kwa mia ya oksidi ya uraniumu, wakati fasi nyingi za dunia watu wanafurahi wakipata hata moja kwa mia. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma karibu tani 1,200 za mawe hayo New York, yakangojea pale mpaka mwaka 1942, jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu iliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na mwaka 2004 serikali ilikataza wachimbaji wa mikono waliokuwa wamerudi pale.

Hata kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kilikuwa kwetu. Kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji uliitwa Léopoldville. Lakini kilikuwa cha masomo na utafiti, nguvu yake kilowati 50 tu. Hakikujengwa ili kiwashe taa za watu.

Basi mwenzetu wa kalasi ya nane ana haki ya kujivuna. Kosa lake ni moja: alifikiri kwamba mwenye mawe njo mwenye moto. Katika uraniumu inayotoka ardhini, atomi karibu 7 tu kwa 1,000 ni za aina inayopasuka kwa urahisi. Vinu vingi vya umeme vinataka kati ya 30 na 50 kwa 1,000. Kazi ya kuongeza hesabu hiyo inafanywa katika viwanda ambavyo nchi chache tu ziko navyo, na zinavichunga sana, kwa maana njia ileile ikiendelea mbele inafika ku bomu. Tungekuwa na santrali leo, uraniumu yetu ingepanda meli kama jiwe na kurudi kama mafuta, kwa bei ya wale walioitengeneza. Siye watu wa Kolwezi tunajua safari hiyo: shaba inatoka hapa kama kathodi, inarudi kama waya, na waya tunaununua kwa bei ya dunia.

Na kuna jambo kubwa kupita hilo. Katika bei ya kilowati-saa ya nyuklia, mafuta ni sehemu ndogo, na uraniumu yenyewe ni kipande tu cha sehemu hiyo ndogo. Bei ya uraniumu ikipanda mara mbili, bei ya umeme inapanda kidogo. Bei ya mazutu ikipanda mara mbili, umeme wa gurupe unapanda karibu mara mbili. Kwa hiyo kuwa na uraniumu chini ya miguu yetu kunatupunguzia ule mfuko ambao tayari ulikuwa mdogo. Mfuko mkubwa unabaki palepale: kujenga.

3. PESA INAYONGOJA

Katika nyuklia, zaidi ya nusu ya bei inakwenda katika kujenga pamoja na riba ya mkopo. Hapa tunawaomba mushike kalamu.

Tuseme tunajenga kitu cha franga 1,000 kwa miaka 10. Kila mwisho wa mwaka tunakopa franga 100, na riba ni 10 kwa mia kila mwaka. Wakati wote huo hatuuzi kitu, taa haijawaka, deni linakua peke yake usiku na mchana. Siku ya kuwasha taa ya kwanza deni si franga 1,000. Ni franga 1,594. Franga 594 zimelipia kungoja tu.

Sasa tubadilishe kitu kimoja: tujenge kwa miaka 5, tukikopa franga 200 kila mwaka, riba ileile. Deni ni franga 1,221. Tena turudi ku miaka 10, lakini tupate rafiki anayekopesha kwa riba ya 3 kwa mia. Deni ni franga 1,146. Saruji ni ileile, chuma ni kilekile, na wafanyakazi ni walewale. Kinachotofautisha ni muda na riba.

Njo maana nchi zenye kukopa kwa riba ndogo na kujenga haraka zinaona nyuklia kuwa rahisi, na nyingine zinaiona kuwa mzigo. Ufaransa iliamua mwaka 1974, baada ya bei ya petroli kupanda, kujenga santrali nyingi za namna moja, moja nyuma ya nyingine; leo karibu theluthi mbili za umeme wake zinatoka ku nyuklia. Falme za Kiarabu zilianza Barakah mwaka 2012, vinu vinne vya Wakorea, na cha mwisho kilianza kazi mwaka 2024. Afrika Kusini iko na Koeberg tangu mwaka 1984, santrali pekee ya nyuklia inayotoa umeme kwa watu katika Afrika. Santrali ya namna hiyo ikisha kulipwa ni kama mwembe uliopandwa na babu: aliyechimba shimo aliteseka, mjukuu anaokota maembe.

Lakini Ufaransa hiyohiyo ilianza kinu kipya cha Flamanville mwaka 2007, ikisema kitagharimu yuro bilioni 3.3 na kumalizika kwa miaka karibu 5. Kiliunganishwa mwisho wa mwaka 2024, na kampuni yake yenyewe ilikuwa imehesabu bilioni 13.2. Finland ilianza Olkiluoto 3 mwaka 2005, kazi ya kawaida ikaanza mwaka 2023. Marekani, vinu viwili vya Vogtle vilihesabiwa kama dola bilioni 14, vikaishia zaidi ya bilioni 30. Hao ni watu wenye mainginia wengi na benki kubwa. Misri imeanza El Dabaa mwaka 2022, megawati 4,800 zikiisha kujengwa, na Urusi imekubali kuikopesha mpaka dola bilioni 25 kwa riba ya 3 kwa mia. Murudi ku hesabu yetu ya franga, mutaona juu ya nini ile 3 kwa mia njo moyo wa mapatano.

4. MFANO ULIO JUU YA VICHWA VYETU

Hatuna haja ya kwenda Finland kutafuta mfano wa pesa inayongoja. Mfano uko hapa Kolwezi. Ni ile laini kubwa ya umeme inayotoka Inga, inayoishia kwetu.

Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, megawati 351. Inga ya pili mwaka 1982, megawati 1,424. Na ili umeme ufike ku migodi ya Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati wa Zaire, kazi ya laini ilianza mwaka 1973: kilometa karibu 1,700, volti 500,000, kutoka karibu na bahari mpaka Kolwezi. Ilimalizika mwaka 1982, laini ndefu kupita zote duniani kwa wakati ule. Ilijengwa kwa mikopo ya nje.

Muangalie sasa kilichotokea wakati pesa inangoja. Walipopanga kazi, bei ya shaba ilikuwa juu. Mwaka 1975 ilikuwa imeanguka. Mwaka 1977 na 1978 vita vilikuja mpaka jimbo letu, na Mei 1978 mpaka ndani ya Kolwezi. Mikopo haikungojea vita viishe. Riba iliendelea kuhesabiwa, ikaongezea deni kubwa la nchi. Laini ilipomalizika, ilihitaji mnunuzi. Gécamines, katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1994 Gécamines ilitoa tani karibu 30,000 tu. Laini ya migodi ilibaki imesimama, na migodi yenyewe imelala.

Tena, umeme wa laini ile ni wa mkondo usiogeuka. Unafaa sana kwa safari ndefu, lakini hauwezi kuchotwa katikati ya njia kwa bei ndogo. Njo maana vijiji vingi viko chini ya zile nguzo na usiku viko gizani.

Hatusemi laini haikufaa. Leo shaba imerudi, migodi inatafuta kila megawati, na laini inatumika. Tunachosema ni hiki: kazi kubwa ya umeme ni ahadi ya miaka mingi. Anayeijenga anaweka ahadi juu ya bei ya shaba ya kesho, amani ya kesho, na mnunuzi wa kesho. Santrali ya nyuklia ni ahadi ya namna hiyohiyo, ila kubwa zaidi.

5. TULINGANISHE, KILA KITU FASI YAKE

Maji. Ku Lualaba tuko na Nzilo, megawati 108, na Nseke, megawati 248, zote zilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shaba. Miamba imekwisha kukatwa, kuta zimesimama, deni la zamani limekwisha. Zinachotaka ni turbini kutengenezwa na waya kutunzwa. Ku Lufira, Mwadingusha ilijengwa mwaka 1930; ilitengenezwa kwa pesa ya mgodi wa Kamoa, na tangu 2021 inatoa tena umeme, megawati 78. Kutengeneza cha zamani ni haraka kuliko kujenga kipya, na tumeona katika hesabu kwamba haraka ni pesa. Maji iko na adui wake: ukame. Mwaka 1956 umeme wa Nseke ulikuwa unavuka mpaka kwenda Kitwe, kabla ya Kariba kuanza kazi. Siku hizi migodi yetu inanunua umeme kupitia Zambia. Na mwaka 2024 mvua ilikosekana, maji ya Kariba yakapungua sana, Wazambia wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Kwa hiyo mto mmoja hautoshi kuwa tumaini la watu wote.

Jua. Bei ya umeme wa santrali kubwa za jua ilishuka duniani kwa karibu 90 kwa mia kati ya mwaka 2010 na 2023. Inajengwa kwa miezi, kipande kwa kipande, na kipande cha kwanza kinawasha taa wakati cha pili kinafungwa. Lakini tuwe wa kweli. Megawati 1 ya nyuklia ikifanya kazi 90 kwa mia ya mwaka inatoa megawati-saa 7,884. Megawati 1 ya jua, tuseme kwa 20 kwa mia, inatoa 1,752. Unahitaji megawati 4.5 za jua kupata umeme uleule, tena jua inalala saa ileile ambayo sisi tunaanza etidi. Betri inahitajika, na betri inazeeka. (Kobalti ya betri nyingi inatoka kwetu. Ile safari ya kathodi, tena!)

Mazutu. Gurupe nzuri yenye mzigo wa kutosha inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa litra. Kila mtu aulize bei ya litra leo ku stasio, agawanye kwa 3. Hiyo ni chakula tu, mashini bado.

Nyuklia. Inafanya kazi usiku na mchana, haitoi moshi, haingojei mvua kama turbini zetu. Lakini iko na mambo mawili zaidi ya bei ya kujenga. La kwanza ni ukubwa. Mainginia wanashauri mashini moja isipite karibu 10 kwa mia ya umeme wote wa nchi, sababu siku ikisimama ghafula, nyingine zote zinaangushwa nayo. Santrali zote za nchi yetu, Inga ikiwa ndani, ni karibu megawati 3,000. Kinu kimoja cha 1,000 ni theluthi. Ni kama timu ambayo mchezaji mmoja anacheza fasi ya watu wanne: akiumia, mechi imekwisha. Vinu vidogo vinatengenezwa. Urusi iko na viwili vya megawati 35 juu ya meli tangu 2020. Lakini bado ni vichache, na kitu kinachotengenezwa kwa uchache hakijawa rahisi. La pili ni utunzaji. Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zilionyesha kwamba siku moja mbaya inaweza kula pesa ya miaka mingi mizuri. Na mafuta yaliyotumika yanapaswa kulindwa wakati mrefu kupita maisha ya wajukuu wetu. Turbini ikikosa kutunzwa, inasimama. Kinu cha nyuklia kikikosa kutunzwa, hakisimami tu.

Basi jibu letu kwa mwenzetu ni hili: Tunasoma na buji kwa sababu umeme haununuliwi na mawe. Unanunuliwa na pesa ya kujenga, na muda, na riba, na utunzaji wa kila siku. Mu nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya watano iko na umeme, franga ya kwanza iende ku turbini na waya zilizopo, ya pili ku maji na jua vipande vipande. Nyuklia tuisome, tuisome sana, sababu uraniumu iko kwetu na itahitaji watu wa kwetu wanaoielewa. Lakini kusoma si kuahidi santrali.

6. KOSA LETU

Sasa jambo la shule. Mwaka jana kila mwanafunzi alitoa pesa ili chumba cha etidi kipate mwanga. Sisi tulichaguliwa kununua. Tulikuwa na karatasi mbili mkononi: moja ya pano na betri, nyingine ya gurupe iliyotumika. Gurupe ilikuwa nusu ya bei. Hatukukaa kuhesabu. Tuliangalia mfuko uliofunguka mbele yetu, tukanunua gurupe, tukaona tumekuwa werevu sababu pesa ilibaki.

Mulipiga makofi siku ile. Musikie hesabu ambayo hatukufanya. Chumba kiko na taa 20 za wati 10, yaani wati 200. Kwa etidi ya saa 3 ni kilowati-saa 0.6. Lakini gurupe ile ni kubwa, ilijengwa kwa kazi nzito, na hata ikifanya kazi kidogo inakula karibu litra 1 kwa saa. Litra 3 kwa kilowati-saa 0.6: ni litra 5 kwa kilowati-saa moja. Gurupe yenye mzigo unaofaa ingekula theluthi moja ya litra. Tulilipa mara 15! Ni kama kuwasha jiko la kupikia arusi ili kuchemsha chai ya mtu mmoja.

Pesa ya mazutu iliisha mbele ya Pasaka. Gurupe iko mu depo, imefunikwa na gunia. Siye bafinalisti tunajitayarisha kwa Egzeta na buji, na tunastahili. Lakini wengi kati yenu mulitoa pesa bila kuulizwa neno, na buji inawauma macho sawasawa na sisi. Kwa hiyo tunaomba musamaha hapa, mbele ya wote.

Mwisho wa mwezi huu komite mpya itachaguliwa. Pesa kidogo imebaki, na gurupe inaweza kuuzwa. Shauri letu ni pano na betri kwa taa tu, na kila mwezi kila mtu aweke kidogo kando, sababu betri itakufa baada ya miaka, na wale watakaokuwa hapa siku hiyo hawatatujua. Lakini musikubali kwa sababu ni sisi tunasema. Tulisema mwaka jana pia. Muombe karatasi zote, mufungue mifuko yote tatu, mupige hesabu ku ubao mbele ya watu wote, ndipo muinue mikono.

Yule mwenzetu wa kalasi ya nane tulimwendea, tukamwambia kwamba tulikosea kumnyamazisha. Alituuliza swali lingine palepale: "Sasa ile daftari ya pesa ya gurupe, ninaweza kuiona?" Tumempa.

MASWALI YA ETIDI

1. Mifuko tatu ya bei ni gani? Toa mfano wa kitu nyumbani kwenu ambacho mfuko wa pili unapita wa kwanza.
2. Piga hesabu mwenyewe: franga 100 kila mwisho wa mwaka, miaka 10, riba 10 kwa mia. Je, unafika 1,594? Ukichelewa mwaka mmoja zaidi bila kukopa franga mpya, deni ni ngapi?
3. Uraniumu ikipanda bei mara mbili, juu ya nini umeme wa nyuklia haupandi mara mbili?
4. Uliza mzee mmoja wa Kolwezi aliyefanya kazi ku migodi: umeme ulikuwa namna gani kabla ya laini ya Inga kufika, na baadaye? Andika jibu lake.
5. Shule yetu inunue nini? Andika hesabu yako kwenye karatasi, uilete kabla ya siku ya uchaguzi. Karatasi isiyo na hesabu hatutaisoma.

Sisi wakubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho.